Wanaowafundisha Wasaidizi Wetu wa Kisheria

Mtoto akishikwa na homa usiku, kila mama ajua pa kumpeleka. Hata kama zahanati iko mbali, njia yake twaijua, na hata mlinzi wa mlangoni twamfahamu kwa jina. Lakini mume akifariki na ndugu zake wakaja kudai funguo za nyumba, tukimbilie wapi? Jirani akisogeza mpaka wa shamba wakati wewe uko hospitali unajifungua, umwendee nani? Wakili yuko makao makuu ya mkoa, na ada yake wengi wetu hatuiwezi. Mwisho wake mama hulia, huombewa, kisha hunyamaza.

Ndiyo maana tunamshukuru Mungu kwa wasaidizi wa kisheria walio katika kata na vijiji vyetu. Wengi wenu mmekwisha kuwaona, na huenda wengine wamewasaidia. Mwezi huu, hata hivyo, tungependa tuwazungumzie watu wasioonekana sana, yaani walimu wao. Sisi tulio wauguzi twalijua vizuri jambo hili. Mgonjwa aliyepona humshukuru muuguzi, wala haulizi muuguzi huyo alifundishwa na nani. Lakini mkono ule unaotafuta mshipa bila kutetemeka ulifundishwa na mtu. Kadhalika, mjane anayebaki katika nyumba yake hamjui mwalimu aliyesimama mbele ya ubao akimwelekeza msaidizi wake aulize nini kwanza.

Kazi yao na mpaka wake

Hapa Tanzania Bara, kazi ya msaidizi wa kisheria inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Zanzibar nao walitunga sheria yao mwaka 2018. Msaidizi huyu si wakili. Kazi yake ni kuelimisha jamii, kumwelekeza mtu kwenye chombo kinachohusika, kumsaidia kupata hati anazohitaji, na kuwashauri wanaogombana watafute suluhu. Haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili, wala kumtoza ada anayemsaidia. Tena sharti awe amepata mafunzo yanayotambuliwa, na awe ameandikishwa.

Ukitazama vizuri, kazi hii yafanana sana na ile ya mhudumu wa afya ya jamii. Yule hapasui mtu tumbo, lakini ajua dalili za hatari kwa mama mjamzito, na ajua ampeleke wapi na kwa haraka gani. Akijifanya daktari, ataua. Akiogopa kila kitu, pia ataua, maana mgonjwa atachelewa. Kwa hiyo anayemfundisha ana kazi ngumu. Ampe ujuzi wa kutosha, kisha amwonyeshe mahali ujuzi huo unapoishia. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mwalimu mzuri anapotofautiana na mwalimu wa maneno matupu.

Walimu walioacha ubao wakaketi na watu

Habari ya walimu hawa ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1961 chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Dar es Salaam kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria. Wanafunzi walikuwa 14. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1967, baada ya chuo kuhamia Mlimani, walimu wa kitivo hicho waliunda Kamati ya Msaada wa Kisheria. Mwalimu aliyekuwa akifundisha asubuhi aliketi na mtu asiyeweza kulipa wakili, akamsikiliza na kumwandikia.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini lilizaa matunda. Mwaka 1989 wanawake wasomi walianza kutoa msaada wa kisheria kwa wanawake wenzao chini ya SUWATA, na kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kikaandikishwa mwaka 1990. Kule Zanzibar, Kituo cha Huduma za Sheria kilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Haroub Othman na Chris Maina Peter. Vituo hivyo havikuishia kupokea wenye shida. Vilianza kuwafundisha watu wa kawaida, kwa sababu waliona kwamba mawakili wachache wa mijini hawawezi kuvifikia vijiji vyote.

Ilikuwapo sababu nyingine pia. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kuwatetea watu katika mahakama za mwanzo, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na mlango ukafunguliwa kwa baadhi ya mahakama hizo. Na kesi nyingi zinazotugusa sisi akina mama, kama vile talaka, matunzo ya watoto na mirathi ya kimila, huanzia huko. Kwa hiyo mama alisimama mwenyewe mbele ya hakimu, au pengine akasemewa na ndugu kwa ruhusa ya mahakama. Kama hakufundishwa kabla hajaingia, nani angemfundisha akiwa ndani?

Walimu watatu waliokuja kwetu

Idara ya wanawake ya usharika wetu, katika mji mdogo mkoani Iringa, ilishirikiana na shirika moja kuandaa mafunzo ya wasaidizi wa kisheria. Wanafunzi walikuwa akina mama 19 na akina baba 6. Sisi tulishughulikia malazi, chakula na huduma ya kwanza. Tulikaa ukumbini muda mwingi, na tuliyoyaona yalitufundisha mengi.

Walimu wakuu walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mhadhiri wa sheria wa chuo kikuu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Siku ya kwanza alipata shida ya lugha. Sheria aliisoma kwa Kiingereza, akaifundisha kwa Kiingereza miaka mingi, na sasa mbele yake ameketi mama muuza mboga aliyemaliza darasa la saba. Ingawa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu, ulimi haugeuki kwa siku moja. Alisema neno, akasimama, akalitafuta kwa Kiswahili, na aliposhindwa aliwauliza wanafunzi wake: "Ninyi hapa mahakamani mnaliitaje?" Wakamjibu: wito, zuio, mdai, mdaiwa, msimamizi wa mirathi. Aliandika kila neno kwenye daftari lake. Jioni mama mmoja alituambia kwamba hakuwahi kumwona profesa akichukua maandiko kutoka kwa muuza mchicha.

Mhadhiri huyo alifundisha kwa kesi za watu. Aliwaeleza habari za Bi Hawa Mohamed, ambaye kesi yake na Ally Sefu iliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa, kwa hiyo zihesabiwe katika mgawanyo. Akina mama walishangilia na kupiga vigelegele. Mhadhiri aliwaacha wamalize, kisha akawaambia kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha pokea fungu lake kwa mumewe na kulitapanya. Ukumbi ukawa kimya. Akasema, "Mkimweleza mama mwenye shida nusu ya kwanza tu, mtakuwa mmempa tumaini la uongo. Mwelezeni yote mawili."

Mwalimu wa pili alikuwa hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Yeye hakuwa na vitabu vingi. Alipanga viti, akageuza ukumbi kuwa mahakama, na kumfanya kila mwanafunzi aingie kama mlalamikaji. Mama akianza kulia na kusimulia tangu siku ya harusi, alimkatiza kwa upole: "Mama, mahakama inataka kujua leo umeleta ombi gani." Aliwazoesha kutaja tarehe, majina ya mashahidi na hati walizo nazo. Aliwaeleza pia kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi wa kila kitu. Katika mahakama ya mwanzo, msimamizi hutakiwa kupeleka orodha ya mali na hesabu yake ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe. Wengi hawakuwa wamelisikia jambo hilo, na wengine walikuwa na mashemeji waliokaa na mirathi miaka kumi bila kuhojiwa na mtu.

Wa tatu alikuwa mkulima, mama aliyesaidia watu katika kijiji chake kwa muda mrefu kabla sheria ya 2017 haijatungwa. Hana cheti kikubwa, lakini yeye ndiye aliyefundisha jinsi ya kuingia katika nyumba yenye msiba. Usikae karibu na mjane kana kwamba umekuja kumteka. Wasalimie wazee wa ukoo kwanza. Usitamke neno mahakama siku ya kwanza, bali uliza habari za cheti cha kifo. Mambo hayo hayamo katika sheria yoyote, lakini asiyeyajua hufukuzwa mlangoni.

Na sisi wauguzi wawili tulio katika kikundi tulipewa nusu siku. Tulieleza habari za PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, na kwa nini anayevuja damu atibiwe kwanza, fomu ifuate. Tulieleza kwamba mama au mtoto aliyebakwa asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla hajafikishwa hospitali, na kwamba afike haraka, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Tulieleza pia kwamba kibali cha mazishi kinachotolewa hospitali siyo cheti cha kifo. Akina mama wengi huzika, huweka karatasi ile kabatini na kudhani wamemaliza. Wanapofika benki au mahakamani hurudishwa.

"Usikisie"

Neno moja walimu wote watatu walilirudia kila siku hadi wanafunzi wakaanza kutaniana nalo: "Usikisie." Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, andika swali, uliza, kisha rudi na jibu. Walipewa namba za simu za walimu. Walipewa pia daftari lenye safu tatu: shida iliyoletwa, nilichofanya, na niliyemwuliza. Mhadhiri alisema kwamba daftari ambalo safu ya tatu ni tupu humtia wasiwasi kuliko lile lililojaa maswali.

Faida yake tuliiona kabla mwaka haujaisha. Mume wa mwenzetu mmoja katika kwaya alifariki ghafla. Walifunga ndoa kanisani, walijenga nyumba mjini, na watoto wao ni wanne. Baada ya kumaliza matanga, ndugu za marehemu waliitisha kikao, wakasema mirathi ipelekwe mahakama ya mwanzo iliyo karibu, na mdogo wa marehemu awe msimamizi. Mjane alikuwa tayari kutia sahihi. Alikuwa hajala vizuri siku tisa.

Msaidizi wa kisheria aliyekuwapo ni mama mshonaji, mmoja wa wale 19. Hakugombana na mtu. Alimwomba mjane asitie sahihi siku hiyo, akaomba kuona cheti cha ndoa na hati za nyumba, akaandika katika daftari. Baba mmoja wa ukoo alimwuliza kwa ukali: "Wewe si umesomea sheria? Sema basi, mahakama ya mwanzo inafaa au haifai?" Watu wote walimtazama. Angeweza kujibu lolote, na wangelipokea. Alijibu, "Baba, hilo si la ngazi yangu. Nipeni siku mbili niwaulize walionifundisha."

Alimpigia simu mhadhiri usiku ule. Jibu lilikuwa kwamba mahakama ya mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za mila au sheria ya Kiislamu. Kwa marehemu Mkristo huanza kutazamwa maisha yake: je, aliishi kwa kufuata mila za ukoo wake, au la? Kwa namna marehemu huyu alivyoishi, ombi lilistahili kupelekwa mahakama ya juu ya hiyo. Likipelekwa pasipostahili, hata kama kila mtu ameridhika leo, laweza kufutwa katika rufaa baada ya miaka, wakati nyumba imekwisha uzwa na watoto wametawanyika. Mhadhiri aliwaelekeza kwa mwanasheria wa kituo cha msaada aliyeweza kulishughulikia bila malipo.

Leo mjane huyo ni msimamizi wa mirathi pamoja na shemeji yake. Hatutasema kwamba mambo yote yamekuwa mazuri. Ndugu wawili bado hawamsalimu, na Krismasi iliyopita hawakufika. Lakini watoto wanalala katika nyumba ya baba yao, na karo imelipwa. Sisi tuliokuwapo tunajua kwamba nyumba ile iliokolewa na mama mshonaji aliyethubutu kukiri mbele ya wazee kwamba jibu hana, na ujasiri huo alifundishwa.

Tumkumbuke Musa

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, twasoma habari za binti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifariki bila mtoto wa kiume, nao wakaja mbele ya Musa na wazee kuomba urithi. Mara nyingi tunapoisoma habari hii tunawasifu mabinti kwa ujasiri wao, na ni haki yao. Lakini tumtazame Musa pia. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa sheria wa taifa zima. Angeweza kuwajibu papo hapo kwa desturi iliyozoeleka, na wangerudi hemani mikono mitupu. Badala yake alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na jibu lililotoka liliwapa mabinti haki yao na kuwa sheria kwa waliokuja baada yao.

Twaamini mwalimu wa namna hiyo ndiye tunayemhitaji. Tunaye pia mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, iliamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mtu wa ukoo akampinga kwa sababu mila ilimkataza mwanamke kuuza. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke anayo haki sawa na ya mwanamume wa ukoo. Baadaye sheria za ardhi za mwaka 1999 ziliandika wazi haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Hata hivyo, hukumu na sheria haziendi vijijini zenyewe. Hubebwa na mtu aliyefundishwa, naye alifundishwa na mtu.

Tufanye nini basi?

Akina mama wenzetu, tusingoje msiba. Katika umoja wetu wa wanawake tujue msaidizi wa kisheria wa kata yetu ni nani, na kama ameandikishwa. Tumwulize bila kuona haya: ulifundishwa na nani, kwa muda gani, na ukikwama unamwuliza nani? Asiyeweza kujibu swali la mwisho tumwogope kidogo, hata kama anazungumza vizuri. Na akidai fedha ili akusaidie, ujue kwamba amekiuka alichofundishwa.

Usharika wenye ukumbi uutoe kwa mafunzo. Mwenye chumba amlaze mwalimu, na mwenye unga alete unga. Walimu wengi wa kazi hii huacha nyumba zao na kulipwa kidogo, na chai ya moto iliyoandaliwa kwa heshima ni sehemu ya mshahara wao. Na kama una binti mwenye moyo wa kuwatetea wanyonge, usimwambie kwamba sheria ni kazi ya wagomvi. Huenda siku moja akawa mhadhiri atakayemwuliza muuza mchicha neno, na kuliandika katika daftari lake.

Tunapowaombea wauguzi, madaktari na wachungaji wetu, tuwakumbuke na hawa. Mungu awape afya, na subira ya kufundisha jambo lile lile mara ya kumi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Je, mume wako na wewe mnajua cheti cha ndoa na hati za nyumba au shamba viko wapi?
2. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu ni nani, na amewahi kualikwa katika kikundi chetu?
3. Ni mjane gani kati yetu ambaye mirathi yake haijafungwa, na nani atamsindikiza wiki hii?